Mikono Iliyovibeba Vitabu vya Kiswahili

Muyaka bin Haji alifariki dunia Mombasa yapata mwaka 1840. Diwani yake ilipigwa chapa Johannesburg mwaka 1940. Kwa miongo mingi baada ya kufa kwake, mashairi yake yaliishi vichwani na vinywani mwa watu wa Mvita, yaani Mombasa, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipokaa kitako na mmisionari W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19, akayakusanya kabla hayajapotea. Taylor aliongeza maelezo, William Hichens akahariri, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kikachapisha. Anayeifungua Diwani ya Muyaka leo ana deni kwa watu ambao majina yao hayatajwi shuleni, na wa kwanza wao ni Sikujua.

Nimeanza na Muyaka kwa makusudi. Tumezoea kueleza historia ya vitabu vyetu kwa orodha ya waandishi, huyu akifuatwa na yule. Mwandishi peke yake, hata hivyo, hatoshi kueleza kwa nini kitabu fulani kipo, kwa nini kina umbo lile, na kwa nini kingine cha aina yake hakikuandikwa. Kati ya mwandishi na msomaji daima alisimama mtu wa tatu: mnakili, mmisionari, kamati, mwamuzi wa shindano, askari wa gereza, mtunga mtihani. Ukitaka kuvielewa vitabu vya Kiswahili, muulize kila mara huyo wa tatu alikuwa nani na alitaka nini.

Pate na Lamu, 1728–1858

Hati ya Kiswahili yenye tarehe ambayo wataalamu huitaja sana ni Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, wa mwaka 1728. Aliyeutunga, Bwana Mwengo bin Athumani, alikuwa mtu wa Pate, na aliufanya kwa ajili ya mfalme wa huko. Unasimulia vita vya Waislamu na Kaizari wa Rumi, Herekali, kwa beti zaidi ya 1,000. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane, na kina cha kipande cha mwisho hakibadiliki toka mwanzo hadi tamati. Umbo hilo halikuwa pambo tu. Utendi ulisomwa kwa sauti, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa na nakala mkononi. Kina kisichobadilika kilimsaidia msomaji asipotee na kikawawezesha wasikilizaji kukumbuka.

Nakala zenyewe ziliandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na aliyetaka kitabu alimlipa mwandishi mwenye hati nzuri amnakilie. Kwa hiyo vitabu vilikaa katika nyumba za wenye uwezo na elimu ya dini, na mambo yaliyonakiliwa zaidi yalikuwa yale yaliyofaa nyumba hizo: sira ya Mtume, mawaidha, wasia.

Mbili kati ya kazi za wakati huo zinastahili kusomwa na kila mtu hata leo. Ya kwanza ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19 Pate ilipokuwa imekwisha nguvu. Vita na Lamu, ugomvi wa kurithiana ufalme na kupanda kwa Waomani vilikuwa vimeivunja. Sayyid Abdallah anauonya moyo wake mwenyewe, na anauonyesha majumba ya matajiri wa jana yaliyobaki magofu. Sijui kazi nyingine ya Kiswahili cha zamani iliyotazama anguko la mji kwa macho makavu namna ile.

Ya pili ni utendi wa Mwana Kupona binti Msham, wa mwaka 1858. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na Sayyid Said wa Zanzibar. Akiwa mgonjwa, alimwandikia bintiye Mwana Hashima, msichana wa miaka 17 hivi, mambo ya dini, ya heshima kwa watu, na ya kuishi na mume. Wasomaji wa siku hizi hugombana naye kwa yale anayosema juu ya utii wa mke, na wana haki ya kugombana. Hata hivyo nawaomba wasisahau hali iliyomfanya ashike kalamu: mama anayejua kwamba hatakuwapo siku ya harusi, akimwachia mtoto kila anachoamini kitamlinda. Alice Werner na Hichens waliuchapisha mwaka 1934. Kwa miongo mingi kabla ya hapo uliendelea kuishi kwa kunakiliwa.

Wala kunakili hakukufa mara mashine zilipofika. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga milango na bingwa wa hati. Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann wote walimtegemea awaandikie tendi za zamani, na utendi wa Fumo Liyongo tunaousoma leo umepita mkononi mwake. Vyuo vikuu vya Ulaya vinavyojivunia hati za Kiswahili vinajivunia, kwa sehemu kubwa, kazi ya mtu huyu mmoja.

Mitambo ya wageni, 1870–1914

Edward Steere, mmisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliyekuja kuwa askofu, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kingine cha hadithi za Unguja, alizozisikia kwa wasimulizi wa mjini. Misheni ilihitaji Biblia, vitabu vya nyimbo na vya kufundishia, na ilihitaji kuviandika kwa herufi za Kilatini. Uamuzi huo uligeuza kila kitu. Kijana aliyejifunza kusoma misheni hakuweza kusoma hati za babu zake, na mwenye kusoma hati za kale alionekana, mbele ya serikali zilizofuata, kama hajui kusoma.

Wajerumani walipoitwaa pwani ya Tanganyika walihitaji makarani na walimu, na Kiswahili kikawa lugha ya ofisi zao. Hapo pakatokea vitabu vya namna ambayo haikuwahi kuwapo, vya watu wanaosimulia mambo yao wenyewe kwa nathari. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alibaki na utenzi, akatunga habari za vita vya Wadachi Mrima, tena akiwa upande wa walioshindwa. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, kwa upande wake, aliandika Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Usambara tangu Mbega, na misheni ya Magila ikaipiga chapa. Ni kitabu kikubwa, chenye vita, hila na maongezi ya baraza, na nasikitika kwamba watu wengi wanaokitaja hawajakisoma.

Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, alisimulia maisha yake uzeeni, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni wasifu wa mfanyabiashara wa pembe na watumwa asiyejutia chochote, anayehesabu frasila na maiti kwa sauti ileile. Kuusoma kunaumiza, na kwa sababu hiyohiyo hauna badala: hakuna mwanahistoria aliyeweza kueleza biashara ile kutoka ndani kama yeye.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote vya kipindi hicho ni Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Jina la Velten ndilo lililokaa juu, lakini sehemu kubwa ya maneno ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Humo mna kuzaliwa, jando, harusi, ngoma, madeni, maradhi na mazishi, yameandikwa na mtu aliyeyaishi. Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akaoa Mjerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya koloni ilikataa wasishuke. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro akafia huko mwaka 1927. Mtu aliyewaeleza Wajerumani desturi za Waswahili alizuiwa na Wajerumani haohao asikanyage kwao.

Kamati, 1925–1939

Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza walijikuta na nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, zenye shule zilizoandika Kiswahili kila moja kwa namna yake. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam mwaka 1925 ulianza kutafuta namna moja, na ule wa Mombasa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu. Kitabu kilichotaka kuingia shuleni kilipelekwa kwanza kwa kamati hiyo.

Faida ilikuwapo, nami sitaificha: mtoto wa Tabora na wa Kisumu waliweza kusoma kitabu kimoja, na soko likapanuka. Hasara iliwapata watu wa Mombasa na Lamu. Lugha ya Muyaka na Mwana Kupona ikageuzwa lahaja, na waliokuwa mabingwa wa ushairi wakawa watu wa kusahihishwa. Malalamiko hayo hayajaisha Mombasa hadi leo, wala sioni kwa nini yaishe.

Shule zilitaka vitabu haraka, na njia fupi ikawa tafsiri. Johnson mwenyewe alitafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Rider Haggard, zikaja Kisiwa chenye Hazina, Safari za Gulliver na Alfu Lela Ulela. Vizazi viwili vya wasomaji vilionja ladha ya hadithi ndefu ya nathari kupitia vitabu hivyo, na alama ya safari, hazina na visiwa inaonekana katika riwaya nyingi zilizofuata.

Katikati ya wimbi hilo James Juma Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa, London, mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtu wa Freretown, kijiji kilichoanzishwa Kisauni mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini, na ukoo wake ulitokana na watu hao. Anasimulia utekaji, safari ya kwenda pwani na kukombolewa. Wahakiki wamemlaumu kwamba anawasifu mno Waingereza na kuutwika mzigo wote kwa Waarabu. Lawama ni za kweli. Lakini alikuwa akiandika kwa ajili ya shirika la kanisa, na juu ya watu waliookolewa kweli na merikebu ya Waingereza. Mara nyingi kitabu hiki huitwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Kwangu ni kumbukumbu ya jamaa iliyovaa nguo ya hadithi, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Karani wa Tanga, 1909–1962

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akasoma Dar es Salaam, na kuanzia 1926 alikuwa karani wa serikali: forodha huko Pangani, idara ya mifugo, ofisi ya wilaya ya Tanga, ofisi ya upimaji. Maisha yake yote ya kuandika yalikuwa ya jioni, baada ya kazi, kwa mshahara wa ngazi ya chini uliowekewa Waafrika.

Mtu huyu alifanya kwa pamoja mambo ambayo lugha nyingine zilihitaji watu kumi. Aliandika wasifu wake, Maisha Yangu. Aliandika insha. Aliwatungia watoto wake tendi za maadili, akifuata nyayo za Mwana Kupona. Alimlilia mkewe Amina katika shairi ambalo bado linaimbwa madarasani. Alichukua utenzi wa vita wa kizamani akautumia kusimulia vita vya dunia vya 1939 hadi 1945. Na aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa katika umaskini wa shamba, kwa wakati ambao watu wachache waliamini mwanamke wa namna ile anastahili kitabu.

Kusadikika, kilichotolewa na Nelson mwaka 1951, ndicho kinachoonyesha jinsi mwandishi anavyopita chini ya jicho la mkubwa. Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea kwa kukumbusha habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za nje, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Msomaji wa Tanganyika alijua anasomewa habari za nchi ipi. Mkaguzi angepata taabu kuthibitisha. Watu humwona Shaaban Robert mwalimu wa maadili tu, mwenye majina ya wahusika yanayotaja tabia zao. Mimi naona pia mtumishi wa serikali aliyepata namna ya kuishtaki serikali bila kupoteza kazi.

Alipofariki Juni 1962, nchi ikiwa na miezi michache ya uhuru, baadhi ya vitabu vyake bora vilikuwa bado havijatoka. Kufikirika ilichapwa mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge tangu 1931 zilisubiri hadi mwaka 2002, na humo tunamwona akihangaikia fedha, wachapishaji na afya ya watoto. Ndugu huyo aliyezitunza barua ni miongoni mwa watu wa tatu ninaowasema.

Shindano, 1957–1968

Ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, ilianzishwa mwaka 1948 ili kuwapa watu waliokwisha kusoma kitu cha kusoma. Ilifanya mashindano ya kuandika hadithi, na aliyeshinda lile la 1957/58 ni Mzanzibari Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliyefanya kazi ya ukaguzi wa afya kisha uhariri wa magazeti. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilitoka mwaka 1960.

Tajiri mmoja anakutwa ameuawa mahali pa mzimu. Watu wanataja mashetani, Inspekta Seif anatafuta mtu wa kumkamata, na Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni, anauliza maswali yanayoonekana ya upuuzi mpaka rafiki yake Najum anachoka. Deni kwa Sherlock Holmes liko wazi. Kilicho cha Abdulla mwenyewe ni mazungumzo: Kiunguja cha mjini, chenye utani, kiburi na adabu, kilichoandikwa kama kinavyosemwa. Kwa mara ya kwanza nathari ya Kiswahili iliacha kufundisha ikaanza kuwafurahisha wasomaji, na hoja iliyomo ndani, kwamba akili ichunguze kabla ya kulaumu mizimu, ikapita bila mahubiri. Kisima cha Giningi na vingine vilifuata. Bara, Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na riwaya ya upelelezi ikashika mizizi.

Ukerewe, Kamiti na Unguja, 1967–1980

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Kiswahili kilipewa nchi nzima ya kuihudumia. Tanzania Publishing House ilikuwapo tangu 1966, Nyerere mwenyewe alikuwa ametafsiri Julius Caesar ya Shakespeare na angetoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kinatoa vijana waliosoma fasihi za dunia nzima. Mwaka 1969 mmoja wao, Ebrahim Hussein wa Kilwa, alitoa tamthilia ya Kinjeketile, iliyovichukua vita vya Maji Maji na kuuliza swali gumu: kiongozi afanye nini neno lake linapomponyoka mikononi?

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, alichapisha Rosa Mistika. Rosa anakulia chini ya baba mlevi na mkali anayemficha na wanaume wote. Anapopata uhuru wa shule hajui autumie vipi, wakubwa wake wanamtumia, na mwisho wake ni kifo. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda. Waliokizuia waliona uchafu. Walichokuwa wanakizuia hasa ni mashtaka dhidi ya baba na walimu, yaliyosemwa waziwazi bila majina ya Majivuno na Karama ya kuyafunika.

Miaka mitatu baadaye Kezilahabi alitoa Kichwamaji, riwaya ya msomi asiyeona maana ya maisha, na Kichomi, diwani isiyofuata vina wala mizani. Hii ya pili ndiyo iliyowasha moto. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameandika kanuni za kutunga mashairi mwaka 1954, na kwa washairi wengi kuacha kanuni zile kulikuwa sawa na kuacha ushairi wenyewe. Wao walitetea sanaa ya kuimbwa, iliyotoka Pate na Mvita. Kezilahabi na washairi wenzake, Mulokozi na Kahigi, walitetea haki ya mtu wa bara, ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, kuingia katika ushairi na mapigo aliyoyajua. Magazeti, vitabu na kumbi za mihadhara vilijaa mjadala huo kwa zaidi ya miaka kumi. Nimezisoma hoja za pande zote mbili kwa mapenzi. Mabishano makali namna hiyo hutokea tu pale watu wanapouamini ushairi kuwa ni jambo kubwa.

Wakati huohuo, Kenya, kijana wa Mombasa alithibitisha kwamba vina na mizani vilikuwa bado na meno. Abdilatif Abdalla aliandika mwaka 1968 kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi, akafungwa miaka mitatu, muda mrefu akiwa peke yake. Gerezani Kamiti alitunga mashairi kwenye karatasi za chooni, na askari akayatoa nje kwa siri. Sauti ya Dhiki ilichapishwa mwaka 1973, ikapata tuzo ya fasihi mwaka 1974, na tuzo hiyo ilikuwa na jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mashairi yenyewe yamefungwa kwa kanuni kali za Mvita, na mtu aliyenyimwa kalamu alizihitaji kweli: shairi lenye vina hukaa kichwani hata karatasi ikikamatwa.

Unguja na Pemba nazo zilitoa riwaya ambazo, kwa maoni yangu, hazijapitwa kwa ufundi wa lugha. Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Kiu mwaka 1972 na Nyota ya Rehema mwaka 1976. Adam Shafi alitoa Kasri ya Mwinyi Fuad, juu ya bwana shamba na mapinduzi ya 1964, kisha Kuli mwaka 1979, iliyojengwa juu ya mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Said Ahmed Mohamed alitoa Asali Chungu, Utengano na Dunia Mti Mkavu kwa mfululizo kati ya 1977 na 1980. Wote waliandika katika kivuli cha Mapinduzi, na mwanzoni karibu wote walitazama nyuma, kwenye dhuluma za zamani. Dhuluma mpya zilisubiri. Shafi, aliyewekwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Rais Karume wa Zanzibar mwaka 1972, aliyaandika ya gerezani katika Haini, iliyotoka mwaka 2003.

Wanawake nao walirudi kwenye kurasa. Penina Muhando aliandika Hatia mwaka 1972, tamthilia ya msichana aliyepata mimba nje ya ndoa, na baadaye Nguzo Mama na Lina Ubani. Ndyanao Balisidya alitoa Shida mwaka 1975. Zaynab Burhani alifuata na Mali ya Maskini. Tangu Mwana Kupona hadi hawa ni zaidi ya karne moja, na pengo hilo halitokani na uchache wa wanawake watunzi, maana pwani haikuwahi kuwakosa. Waliokosa ni wachapishaji wa kuwafuata nyumbani.

Njaa ya karatasi, 1977–1990

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na ofisi yake ya vitabu ikafa nayo. Tanzania ikaingia vitani na Idi Amin, fedha za kigeni zikakauka, karatasi ikaadimika. Miswada ililala kwa wachapishaji wa umma miaka na miaka.

Pengo hilo lilijazwa na vijana wa mjini waliojichapishia wenyewe. Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, Ben Mtobwa, Hammie Rajab na wenzao walitoa vitabu vyembamba vilivyouzwa vituo vya mabasi na kando ya barabara. Vyuoni viliitwa riwaya pendwa, kwa sauti ya dharau. Ni vitabu hivyo, hata hivyo, vilivyowafanya wengi wa kizazi kile wasome bila kulazimishwa na mwalimu. Mtobwa alifika hadi kuanzisha kampuni yake, Heko. Walter Bgoya, aliyeiongoza Tanzania Publishing House kwa miaka mingi, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Kezilahabi naye akatoa Nagona na Mzingile, vitabu viwili vifupi vya ndoto na falsafa vilivyoacha kabisa njia ya uhalisia, na wahakiki wanavichimbua mpaka sasa.

Mtihani na tuzo, 1985 hadi sasa

Mwaka 1985 Kenya ilianza mfumo wa 8-4-4, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. Uzito wa uchapishaji ukahamia Nairobi. Kitabu kikiteuliwa na serikali kinauzwa kwa miaka kadhaa katika kila shule ya sekondari, kisipoteuliwa huenda kisiuzwe kabisa. Hili limewalisha waandishi na limewabana: wachapishaji hupendelea hadithi yenye dhamira za kuorodheshwa na isiyomwaibisha mwalimu mbele ya wanafunzi.

Wapo waliovuka kizingiti hicho kwa uzuri. Ken Walibora, katika Siku Njema ya mwaka 1996, alimtuma kijana kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake, kwa Kiswahili ambacho wanafunzi walikinakili katika madaftari. Alifariki Nairobi Aprili 2020, miezi mitatu baada ya Kezilahabi. Katama Mkangi aliota nchi nyingine katika Walenisi, Wamitila akafuata njia ya Nagona katika Bina-Adamu, na Assumpta Matei akaeleza majeraha ya ghasia za uchaguzi katika Chozi la Heri.

Tangu 2015 tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo sasa huitwa Safal-Cornell, imekuwa ikitolewa kwa miswada ya Kiswahili, na Tanzania ilianza kutoa tuzo ya uandishi bunifu yenye jina la Mwalimu Nyerere mwaka 2023. Kwa mwandishi asiyetaka kuandikia mtihani hiyo ni njia, ingawa bado nyembamba.

Mwaka 2022 Mkuki na Nyota ilitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1994. Tuzo ya Nobel ya 2021 ndiyo iliyofanya tafsiri hiyo idaiwe kwa sauti kubwa. Peponi inasimulia misafara ya bara siku Wajerumani walipokuwa wanaingia, na wahakiki wameonyesha kwamba Gurnah alitumia masimulizi ya Waswahili waliosafiri wakati huo, yale yaliyokusanywa na Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Kwa hiyo anayetaka kuisoma vizuri ana kazi tamu mbele yake: aiweke mezani pamoja na simulizi hizo, na Desturi za Mtoro, na Maisha ya Tippu Tip, avisome kwa zamu. Peponi ataipata dukani. Vile vitatu vya zamani itambidi avitafute maktaba za vyuo vikuu, na wachapishaji wetu wana kila sababu ya kuvitoa upya, safari hii jina la Mtoro likiwa juu ya jalada.